Kinu cha Kilo Kumi na Nne na Robo

Nchi ninayoisimulia haipo, kwa hiyo nawaomba wale wa idara fulani wasijisumbue kunitafuta. Haina bahari wala mlima wa kupigia picha, na wimbo wake wa taifa una beti kumi na moja, zote husikilizwa mtu akiwa amesimama wima. Katika nchi hiyo isiyokuwepo mimi, Kiluvia, nilikuwa Mpimaji Mkuu wa Serikali. Nilipima bangi kwa miaka ishirini na sita. Niliipima kwa uaminifu mkubwa, na uaminifu huo ndio unaonisuta hadi leo.

Nilipoanza kazi, bangi ilikuwa adui namba moja wa taifa. Adui namba mbili ilikuwa njaa, ila njaa haikuundiwa kikosi maalumu. Watoto shuleni walifundishwa kuuchora mmea huo ili wautambue, kisha wakachapwa kwa kuonekana wanautambua. Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi hata kwa asiyesoma. Chini ya kilo moja, onyo na viboko sita. Kilo moja hadi kumi, miaka mitano. Ukizidi kilo kumi wewe si mvutaji tena bali ni mfanyabiashara, na unakwenda ndani miaka thelathini.

Sasa kulikuwa na suala la kupima. Zamani wakili mmoja mjanja alimtetea mteja wake kwa hoja kwamba gunia si bangi. Mahakama ikakubali, mteja akaenda kwake kula futari, serikali ikaona haya. Bunge lilikaa siku moja tu likapitisha Sheria ya Kipimo Kamili, isemayo kwamba bangi ni mmea wenyewe "pamoja na chochote kilichoubeba, kilichoufunika, au ambacho mmea huo umekiegemea."

Toka hapo kazi yangu ikanoga. Aliletwa mtu na baiskeli yake, kikapuni mna misokoto miwili. Niliipandisha baiskeli kwenye mizani, nikaandika: bangi, kilo kumi na nane. Ukaletwa mlango uliokutwa na msokoto umechomekwa kwenye bawaba, nikaandika: bangi, kilo ishirini na sita. Akaletwa mbuzi aliyekula miche ya jirani, naye nikampima akiwa hai, huku analia. Alikufa ghalani kabla ya kesi, na mwenye mbuzi akaongezewa shtaka la kuharibu kidhibiti. Msomaji asinidhanie uongo. Kila nilichokiandika, mizani ilikisema kwanza.

*

Miaka tisa kabla ya mambo ninayoyaeleza, aliletwa Bi Semeni. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, analea mjukuu wake Mboni, mtoto wa miaka mitano mwenye kifafa. Mboni alikuwa akianguka mara nne, mara tano kwa siku. Bibi yake akatwanga majani, akayapasha taratibu katika mafuta ya ufuta, akachuja kwa kitambaa, akawa anampa matone matatu chini ya ulimi. Mtoto akawa anaanguka mara moja kwa wiki. Haya yote aliyaeleza mwenyewe kituo cha polisi bila hata kuulizwa, maskini, akidhani ni utetezi.

Kidhibiti kilikuwa kinu cha mti wa mninga chenye majani ndani. Kwa mazoea tu ya kazi, niliyakusanya majani kwa brashi nikayapima peke yake. Gramu mia mbili na kumi. Nikauangalia mshale vizuri. Lakini fomu ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha uzito, na mimi sikuwa mtu wa kuongeza visanduku kwenye fomu za serikali. Niliyarudisha majani kinuni, nikakipandisha kinu chote, nikaandika kilo kumi na nne na robo.

Mahakamani Bi Semeni aliinua mkono kama mwanafunzi. "Mheshimiwa hakimu, majani yangu yalikuwa ya kujaza viganja viwili. Hizo kilo zimetoka wapi?"

Hakimu alinigeukia. Nilikuwa nimevaa koti jeupe, limepigwa pasi likasimama. "Mheshimiwa," nikasema, "mizani haina upendeleo."

Sentensi hiyo ilinipendeza sana, na baadaye niliitumia katika kesi nyingi. Bi Semeni alipewa miaka thelathini. Mboni alichukuliwa na shangazi yake.

*

Basi Jumatano moja Kiongozi Mkuu alirudi kutoka safari ya ng'ambo, uso umemkunjuka. Kumbe huko alikokwenda alioneshwa kichupa kidogo cha dawa iliyokamuliwa kwenye bangi na kuambiwa bei yake. Saa saba mchana redio ilikatiza taarifa ya vifo ikatupa sauti yake.

"Ndugu wananchi! Kwa miaka mingi mmedanganywa kwamba mmea huu ni adui. Aliyewadanganya tutamtafuta. Kuanzia leo bangi ni zao la taifa, na atakayelisema vibaya atakuwa amelihujumu taifa!"

Kufikia jioni mabango yalikuwa yamebadilishwa. Watoto shuleni walianza kuchapwa kwa kushindwa kuuchora mmea huo. Kuhusu waliokuwa gerezani kwa ajili yake, tangazo halikusema kitu, nadhani kwa sababu muda wa redio ulikuwa umekwisha.

Iliundwa Wizara ya Ukamuaji, na waziri wake akawa Dakta Bwimbo, yule yule aliyekuwa kamanda wa kikosi cha kung'oa bangi. Aliteuliwa kwa kigezo cha uzoefu. Ilinunuliwa mashine kubwa ya kukamulia, inang'aa, ina vioo vya kuchungulia na taa zisizo na kazi. Wanunuzi wa nje waliahidi kuja baada ya wiki nane, na sharti lao lilikuwa moja tu. Waoneshwe ufanisi wa asilimia tisini, kwa cheti cha mpimaji wa serikali. Mpimaji huyo nilikuwa mimi.

Neno ufanisi liliwatisha wengi wizarani, lakini ni hesabu ndogo. Unachukua dawa uliyoipata, unaigawanya kwa dawa iliyokuwamo kwenye majani, unazidisha kwa mia. Mwanamke anayekamua nazi anaijua hesabu hiyo bila kalamu. Akitaka kujua kama amekamua sawasawa, anaonja machicha.

Tatizo likawa malighafi. Nchi nzima haikuwa na shina moja la bangi shambani, kwa sababu Dakta Bwimbo alikuwa ameling'oa. Waziri mwenyewe akapiga meza.

"Ghala la vidhibiti! Bwana Mpimaji, tuna kiasi gani mle?"

Nilifungua daftari. "Kwa mujibu wa vyeti, Mheshimiwa, tani mia nne na kumi."

"Na vyeti nani kasaini?"

"Mimi, Mheshimiwa."

Wakanipigia makofi. Niliinamisha kichwa, nao wakadhani ni unyenyekevu.

*

Malori yalianza kuleta baiskeli, milango, magodoro, masanduku, gitaa moja, na mifupa ya mbuzi. Fundi mkuu wa kiwanda, mtu mkweli, aliuliza kama angeweza kubandua majani kwanza. Mwanasheria wa wizara alimjibu kwamba kukitenganisha kidhibiti na uzito wake ni kosa la jinai. Kilichoandikwa bangi ni bangi.

"Sheria ni msumeno," alisema Dakta Bwimbo, na kesho yake ikaletwa misumeno arobaini.

Nililiona godoro likikatwa vipande vya kulingana na mdomo wa mashine. Nikaona baiskeli ikiingia, usukani kwanza. Mashine ilikoroma, ikatoa moshi wenye harufu ya mpira, na chini ya bomba likadondoka tone moja la mafuta meusi. Tulilipigia makofi. Nilifanya hesabu yangu kwa kuangalia daftari: kilichopatikana, gawanya kwa kilichoandikwa. Ufanisi ulikuwa asilimia mbili.

"Tisini na nane imekwenda wapi?" akanguruma waziri.

Hakuna aliyejibu, kwa hiyo jibu likapatikana lenyewe kwamba imeibiwa. Wafanyakazi wakawa wanapekuliwa soksi na nywele, wanarukishwa kichurachura kabla ya kutoka, na vyombo vyao vya chakula vinanuswa na mbwa. Waziri akatangaza kwamba ufanisi usipofika tisini, mafundi wote watashtakiwa kwa wizi wa mafuta ya umma. Uzito wa wizi huo, alisema, utachukuliwa kutoka kwenye vyeti.

Mimi nilikwenda kuyapima makapi. Yalikuwa makavu, hayana kitu. Mashine ilikuwa imekamua mpaka mwisho. Katika kazi yetu kilichotoka na kilichobaki, ukivijumlisha, lazima vilingane na kilichoingia. Hapa havikukaribiana hata kidogo. Mafuta hayakuibiwa na mtu yeyote, kwa kuwa hayakuwahi kuwepo, na katika taifa zima aliyelijua hilo kwa tarakimu nilikuwa mimi peke yangu. Nilipita katikati ya mafundi wakirukishwa kichurachura, nikawaamkia, wakaniitikia kwa heshima.

*

Aliyemkumbuka Bi Semeni ni waziri. "Kuna mama nilimkamata mimi mwenyewe, alikuwa anakamua kwa sufuria. Mleteni. Huenda ana siri."

Alikuja katika gari la magereza, amekonda, nywele nyeupe, nguo ya mfungwa imemning'inia mabegani. Alinitambua mara moja. Nilitamani anitukane, lakini alinisalimia vizuri.

"Hujambo, mwanangu? Umenenepa. Alhamdulillahi."

"Shikamoo, Bi Semeni."

"Marahaba. Kwenu wazima?"

Kabla sijajibu alikuwa ameshaangalia kwingine. Karibu na misumeno palikuwa na foleni ya vidhibiti vya siku hiyo, na wa tatu kwenye foleni ulikuwa mfuko uliokaza kitu cha duara. Aliuvua mfuko bila kuomba ruhusa.

"Kinu cha mama yangu," akasema. Akakipapasa mdomo wake uliolika. Ubavuni kilikuwa kimebandikwa karatasi yenye jina lake na sahihi yangu. "Hiki nacho kinakatwa?"

Askari alimjibu kwamba kinu hicho ni bangi. Bi Semeni alinitazama mimi ili nimweleze, na mimi nikaanza kusafisha miwani.

Aliomba majani tu, jiko la mkaa, sufuria na mafuta ya ufuta. Alikung'uta majani yake mwenyewe ya miaka tisa yaliyokauka kinuni, akayapasha bila kuyaunguza, akikoroga na kuzungumza na sufuria. Kisha akayakamua kwa kitambaa mpaka mishipa ya mikono ikamtoka. Niliyapima mafuta, nikayapima na makapi, nikarudia mara tatu. Ukichukua uzito wa majani yenyewe, ufanisi ulikuwa asilimia tisini na mbili. Ukichukua uzito wa cheti changu, ulikuwa asilimia moja na kitu.

"Mwanangu," aliniuliza kwa sauti ya chini, "siwezi kupata kichupa kimoja kikamfikia Mboni? Ana miaka kumi na minne sasa. Shangazi yake kaniandikia ameangukia jikoni, ameungua mkono."

Nilikuwa na vichupa sita mbele yangu. Lakini getini palikuwa na upekuzi, na nilikumbuka Sheria ya Kipimo Kamili. Mtu akikutwa na kichupa mfukoni, yeye ndiye kilichokibeba. Nina kilo themanini na tatu.

"Hairuhusiwi, Bi Semeni," nikasema.

"Haya. Nilikuwa nauliza tu."

Siku hiyo nafsi ilinisuta mpaka nikapiga moyo konde. Niliamua kwenda kwa waziri kusema kweli yote, kwamba cheti ni cha uongo, kwamba majani yalikuwa gramu mia mbili na kumi, kwamba kwa uzito huo sheria inataka onyo na viboko sita, na kwamba mama huyu arudi kwa mjukuu wake. Niliandika barua ya kuacha kazi pia. Niliitia mfuko wa ndani.

*

Nilimweleza Dakta Bwimbo nikiwa nimesimama. Nilimwambia kuhusu brashi, mshale na kisanduku kimoja. Nilimwambia kwamba baiskeli ni baiskeli. Nilipomaliza nilingoja askari waitwe.

Waziri alinyanyuka akanikumbatia.

"Bwana Kiluvia! Kwa nini hukusema mapema? Ukishusha uzito wa kuingia, ufanisi unapanda!"

"Ndiyo, Mheshimiwa, lakini..."

"Asilimia tisini na mbili! Vidhibiti vyote vipimwe upya, majani peke yake. Leo leo!"

"Na wafungwa, Mheshimiwa?"

"Wafungwa gani?"

"Waliofungwa kwa uzito wa zamani. Bi Semeni, kwa mfano. Kama alikuwa na gramu mia mbili na kumi..."

Aliketi, akanitazama kwa huruma, kama mwalimu anayemtazama mtoto mzuri aliyekosea hesabu rahisi. "Bwana Mpimaji, uzito wa kiwandani ni wa kiwandani, na uzito wa mahakamani ni wa mahakamani. Ukichanganya mihimili ya dola utaleta vurugu. Halafu wakienda kwao, nani atakamua? Si umeona mwenyewe mikono ya yule mama?"

Mwanasheria alileta fomu mpya. Walikuwa wamesikia kilio changu, alisema, na sasa fomu ina visanduku viwili. Cha kwanza, uzito kwa madhumuni ya ufanisi. Cha pili, uzito kwa madhumuni ya kifungo. Chini yake palikuwa na maneno: "Nathibitisha kwamba uzito wa visanduku vyote viwili ni wa kweli."

Kalamu ilikuwa ya waziri, nzito, ya rangi ya dhahabu. Nilifikiria kustaafu kwangu, kulikobaki miezi kumi na sita. Nilifikiria nyumba ya serikali ninamokaa. Barua ilikuwa mfukoni, naisikia ikinichoma kifuani. Nilitia sahihi. Hakuna aliyenishika mkono wala kunitisha, na hilo nataka liandikwe wazi. Nilitia sahihi fomu ya kinu kwanza, kisha nyingine elfu tatu mia sita.

*

Wanunuzi walikuja, wakaonesha furaha. Beti kumi na moja ziliimbwa. Mafundi walisamehewa wizi ambao hawakuufanya, wakatakiwa kushukuru, wakashukuru. Dakta Bwimbo alihutubia kwa saa mbili.

"Waheshimiwa wageni, duniani kuna nchi zinazopoteza dawa kwenye makapi. Sisi hatupotezi kitu! Wala hatupotezi mtu! Hata wafungwa wetu wanafanya kazi kwa asilimia tisini na mbili!"

Bi Semeni alisimamishwa jukwaani na kuvishwa aproni mpya iliyoandikwa Mkufunzi Mkuu Mfungwa. Mgeni mmoja alimpa mkono. Mimi nilivishwa nishani ya Kipimo Kamili, daraja la pili.

Baada ya soda kunywewa, nilimfuata nyuma ya kiwanda. Alikuwa ameketi kwenye kigoda anafua vitambaa vya kuchujia, ndoo mbili mbele yake. Nishani ilikuwa bado kifuani, nilisahau kuivua.

"Bi Semeni, nina jambo la kukwambia. Kuhusu siku ile ya kesi."

"Zile kilo?" Hakuinua kichwa. "Nishajua, mwanangu. Nilipoona karatasi yenye jina langu ubavuni mwa kinu, nikaelewa. Polisi walipima pamoja na kinu. Wewe walikuletea karatasi tu, ukasaini na kuisoma mahakamani. Usijitese."

Hapo nilipewa mlango wa kutokea, uko wazi, na aliyenifungulia ni yeye. Ningeweza kuitikia, nikaenda zangu. Sijui nini kilinizuia. Sidhani ni ushujaa. Nadhani nilichoka tu kubeba.

"Hapana," nikasema. "Niliyapima mimi. Niliyapima majani peke yake, nikaona. Gramu mia mbili na kumi. Halafu nikayarudisha kinuni."

Mikono yake ikatulia ndani ya maji. "Uliona lini?"

"Wiki tatu kabla ya kesi."

"Kabla."

"Kabla. Na mwezi huu nimeandika tena. Kiwandani umewekewa gramu. Gerezani umebaki na kilo. Nimesaini zote mbili."

Kule mbele bendi ilianza kupiga, watu wakacheka. Bi Semeni alitoa kitambaa kwenye ndoo, akakikamua taratibu mpaka tone la mwisho, akakikung'uta, akakianika. Alipozungumza, sauti yake haikuwa na hasira hata chembe, na hilo lilinimaliza.

"Miaka tisa, kila swala ya alfajiri, nimekuombea. Nilisema, yule bwana wa koti jeupe hana kosa, hakujua. Nilishakusamehe siku nyingi, nikamaliza, nikapumzika." Alichukua kitambaa kingine. "Sasa itabidi nianze upya. Na sijui kama miaka ishirini na moja iliyobaki itanitosha."

Nilibaki nimesimama. Aliniambia nisogee kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimemzibia mwanga.